Programu Tano za Bure kwa Kompyuta ya Lugano

1

Tik.

Kisha pumzi ndefu ya feni inayonyamaza.

Kisha giza.

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, mvua ya Tukuyu inatembea juu ya bati, na mwanga pekee pale sebuleni ulikuwa wa kioo cha kompyuta. Sasa kioo kimekufa. Subilaga alibaki na vidole hewani. Akageuka kuitazama mita ya umeme ukutani: kitaa chekundu kinawaka. Umeme upo. Mashine ndiyo iliyojizima yenyewe, kama jana, kama juzi.

"Mwe," akanong'ona, asije akamwamsha mtu.


2

Kilichookolewa baada ya kuiwasha tena:

Jina: Subilaga Mwakatundu
Darasa la Kompyuta la Jioni, Ukumbi wa Kata
Swali: Pendekeza programu tano za bure zinazomfaa mtu mwenye kompyuta ya mezani. Toa sababu.

Jibu: Programu ya kwanza ninayoipendekeza, na ninaipendekeza kwa moyo wangu wote kwa sababu imemfanya mtoto wangu aweze, bila kusaidiwa na mtu yeyote, ku


3

SHULE YA MSINGI MBATAMILA
KAMATI YA UANDIKISHAJI

YAH: MTOTO LUGANO AMBAKISYE (UMRI MIAKA SITA NA NUSU, UONI HAFIFU)

Husika na somo tajwa hapo juu.

1. Kamati imepokea ombi la mzazi kwamba mtoto aanze darasa la kwanza shuleni hapa.
2. Kamati ina mashaka iwapo mtoto ataweza kufuata masomo pamoja na wenzake.
3. Hivyo, mtoto aletwe Jumatano ya tarehe 14, saa tatu kamili asubuhi, pamoja na kifaa kilichotajwa kwenye ombi (kompyuta ya mezani), aonyeshe namna anavyosoma.
4. Mtoto ajieleze mwenyewe. Mzazi hataruhusiwa kumsemea.
5. Endapo Kamati haitaridhika, itapendekeza mtoto apelekwe shule ya bweni yenye kitengo maalumu.

Chini yake, kwa kalamu ya mkono: Mama Lugano, nakuandikia kama mama mwenzio. Kipengele cha nne ndicho kitakachoamua. Mwl. Enesi, Mwalimu Mkuu.


4

Wewe unayesoma, shika haya kabla hatujaendelea.

Shule hiyo ya bweni ni mwendo wa siku nzima kwa basi. Lugano hajawahi kulala nje ya nyumba hii hata usiku mmoja.

Kusoma anasoma, lakini kwa pua. Anaiweka pua kwenye karatasi na kuipitisha mstari hadi mstari, kama anayenusa mboga. Mwanga mkali unamuumiza macho. Kompyuta ya mezani, ambayo baba yake Ambakisye aliipata kwenye kiwanda cha chai walipobadilisha za ofisini, inaweza kuzikuza herufi zikawa kubwa kama viatu.

Nyumbani mdomo wake haufungwi. Mbele ya wageni haufunguki. Anajificha kwenye kanga ya mama na kumminya mkono: mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Mama anatafsiri. Anasema ana kiu. Anasema hataki. Anasema shikamoo.

Watu dukani huuliza, "Huyu mtoto ni bubu?"

Na anayejibu ni nani?

Subilaga.


5

Siku zilizobaki: tisa.


6

"Imezima tena?" Mwalimu Asangalwisye aliuliza, chaki sikioni.

"Imezima, mwalimu. Dakika arobaini tu, tik."

"Ina virusi hiyo," alisema Tumpe, msusi mwenye saluni karibu na stendi, aliyejiunga na darasa la jioni ili ajitengenezee kadi za biashara.

"Virusi gani vinavyosubiri dakika arobaini, Tumpe? Vinakunywa chai kwanza?"

"Basi ndiyo hivyo! Si ilitoka kiwandani? Imezoea zamu. Ikifika saa ya mapumziko, inafunga kazi."

Darasa zima likacheka, na Subilaga naye akacheka, kwa sababu ukikaa kwenye kiti cha plastiki baada ya kutwa nzima ya kufua, kupika na kubeba mtoto, kucheka ni kupumzika. Lakini miguu yake chini ya meza haikutulia. Ilikuwa inapiga sakafu, inapiga sakafu, kama inayotaka kutangulia nyumbani.

"Mama Lugano," mwalimu alisema, "ziko programu za kupima afya ya mashine. Za bure. Jaribu. Na kazi yako ya nyumbani bado sijaiona."

"Inajizima nayo, mwalimu."

"Wanafunzi wangu wa zamani walikuwa wanasema mbuzi kala."


7

MATIBABU YALIYOJARIBIWA (kutoka daftari la Subilaga)

Programu ya kufukuza virusi. Ilikuta viwili. Vikatoka. Mashine ikajizima.

Programu ya kufagia mafaili ya zamani. Ilifagia mpaka barua za meneja wa kiwanda za mwaka juzi. Mashine ikajizima.

Programu iliyoandikwa BURE kwa herufi kubwa za kijani. Siku ya nane ikadai nilipie, la sivyo haifunguki. Nimeiondoa. Nimejifunza: kuna bure ya kweli na kuna bure ya kuonjesha. Kabla ya kuweka, soma mpaka chini.

Programu ya kupima afya. Hii nzuri! Inatoa namba moja, tena kwa wino mwekundu kama mwalimu anaposahihisha: 98. Mashine yetu imepata tisini na nane! Kwa hiyo ni nzima kabisa.

Ikajizima.


8

(Sauti ya ndani ya mashine inasema.)

Mimi ni sauti. Sina koo. Nilikuja ndani ya programu iitwayo NVDA, inayowasomea wasioona vizuri kile kilicho kwenye kioo. Sikuuzwa. Watu nisiowajua walinitengeneza na kuniachia mlango wazi.

Najua Kiswahili kwa namna yangu. Navuta pasipovutwa, nakata pasipokatwa. Mtoto wa nyumba hii aliponisikia mara ya kwanza alianguka chini kwa kicheko. Akasema naongea kama mtu aliyefungiwa kwenye debe. Akanipa jina.

Mjomba Bati.

Naye ndiye mtu pekee ninayemsomea. Pua yake ikifika kwenye neno, mimi nimeshalitamka. Yeye hunirekebisha. "Siyo hivyo, Mjomba. Sema *ng'ombe*. Rudia."

Narudia. Nina subira isiyoisha. Nisichokuwa nacho ni

Tik.


9

Mama mkwe wa Subilaga, Bibi Tusajigwe, alikuwa fundi wa vitambaa vya kufuma, na hilo lilijulikana tangu nyumba ya kwanza ya mtaa hadi kanisani. Radio ilikuwa na kitambaa chake. Friji lilikuwa na chake. Migongo ya makochi ilikuwa na vyake vitano. Nyumba isiyo na vitambaa, alikuwa akisema, ni stoo ya watu kulala.

Kompyuta ilipoingia, Bibi alikaa nayo siku tatu akiizunguka kwa futi kamba. Kisha akaifumia nguo tatu: ya kioo, ya kibodi, na ile kubwa kuliko zote, ya sipiyu, lile kasha la pembeni. Uzi mzito, maradufu, mweupe wenye mawaridi mekundu, unashuka pande zote mpaka mezani. Kwa ustadi wake alikiachia kitufe cha kuwashia tundu dogo lililozungushiwa mshono, na tundu jingine la flashi.

"Hii huna haja hata ya kuivua, mwali," alimwambia mkwewe kwa fahari. "Unabonyeza hapa, inaamka imevaa."

"Ndaga, asante mama. Imependeza kweli."

Na ilikuwa imependeza kweli. Hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu.


10

Saba.


11

Dukani.

"Lugano, mwambie mwenyewe. Sema, naomba sukari nusu."

Mtoto akaingia kwenye kanga.

"Mimi leo sikusemei. Sema mwenyewe."

Mkono ukaminywa mara mbili.

Mwenye duka akatazama mizani yake. Watu wawili nyuma wakahema. Subilaga aliuma mdomo wa chini, akahesabu mpaka ishirini, akahesabu mpaka arobaini, na maneno yakawa yanampanda kooni yenyewe, anataka sukari nusu, anataka sukari

Walitoka mikono mitupu. Walikunywa chai isiyo na sukari siku hiyo, na Bibi akauliza kama sukari imeadimika nchini.


12

Orodha ya mafaili yaliyomo kwenye folda iitwayo LUGANO:

herufi_kubwa
nyimbo_za_sunday_school
picha_ya_baba_na_kofia
kazi_ya_nyumbani (mara nne, zote nusu)
ushahidi

Hilo la mwisho ni sauti. Subilaga aliweka programu ya kurekodi, Audacity, bure ya kweli, akaificha maikrofoni ya bei rahisi nyuma ya chombo cha maua, akamrekodi mtoto akibishana na Mjomba Bati kwa dakika kumi na moja. Anasoma. Anauliza. Anatania. Anaomba maji kwa sauti ambayo mgeni yeyote angeisikia kutoka barabarani.

Alilihamishia kwenye flashi, akaipeleka darasani kama mtu aliyebeba yai.

"Nitawachezea Kamati," alimwambia mwalimu. "Wamsikie."

Mwalimu Asangalwisye alisikiliza yote, akatabasamu penye ng'ombe. Kisha akaichomoa flashi na kumrudishia mkononi.

"Mtoto ana akili huyu. Lakini nikuulize, mama Lugano. Mwanzo ulikuwa unamsemea wewe. Sasa unataka mashine imsemee?"

Subilaga aliifunga flashi kwenye ncha ya kanga.

Njia nzima alilishika fundo hilo.


13

Nne.


14

Jumamosi, baridi ya kukunja vidole. Lugano alikuwa amekaa pale anapokaa siku zote za baridi: juu ya kigoda kando ya meza, mikono imelizunguka kasha la mashine, shavu juu ya mawaridi ya Bibi, huku Mjomba Bati akimsomea habari za sungura. Kila mtu nyumbani alikuwa amemzoea hapo. Paka naye alipazoea.

"Mama."

"Naam."

"Mjomba Bati ana homa."

"Acha utani, soma."

"Siyo utani. Kila akitaka kuzimika anachemka kwanza. Shika."

Subilaga aliacha sahani kwenye beseni. Akaja na mkono wenye povu, akaupitisha chini ya kitambaa, kwenye matundu ya pembeni ambako hewa hutokea, na akautoa haraka kama aliyegusa sufuria.

Tisini na nane.

Ile namba nyekundu.

Haikuwa maksi. Ilikuwa joto.

Alikaa chini sakafuni hapohapo, kati ya mtoto na paka. Wiki tatu za kufukuza virusi. Alianza kucheka, kisha akaacha, kwa sababu macho yake yalitua juu ya mshono ule mdogo mzuri unaozunguka kitufe, na akili yake ikafika kwenye jambo gumu zaidi.

Nani atamwambia Bibi?


15

(Yaliyosikika kupitia ukuta wa jikoni.)

"Unasema kitambaa changu kinaua kompyuta."

"Sijasema kinaua, mama."

"Umesema kinaiziba pumzi. Kuziba pumzi ni nini kama si kuua?"

"Nimesema mashine inatoa joto, na joto halipati pa kutokea."

"Hata mimi natoa joto. Nimevaa sweta, kanga mbili na leso. Nimezima?"

Kijiko kikagonga kikombe.

"Na wageni wakija? Itakaa uchi sebuleni?"

"Mama, ni hadi Jumatano tu. Ikijizima mbele ya Kamati, Lugano anakwenda bweni."

Mvua. Mahali fulani ndani, sauti ya bati inamsomea mtoto kwamba sungura alifika mtoni.

"Mwezi mzima nilifuma lile tundu la flashi," Bibi alisema mwishoni, taratibu, si kwa mkwewe. "Uzi ulikuwa unakatika."

"Najua, mama."

"Hujui. Lakini mvue. Mvue mashine." Kiti kikasogezwa. "Ila njiani itafungwa kwa kitambaa changu. Haitapita mtaani kama mzigo wa mkaa."


16

Dakika arobaini.

Hamsini.

Saa nzima.

Saa mbili na robo, na feni inavuma kama mtu anayepiga mluzi kazini.


17

KAZI YA NYUMBANI (nakala kamili)

Jina: Subilaga Mwakatundu

Ninapendekeza hizi tano. Zote ni bure za kweli, hazikuonjeshi kisha zikakudai. Zipakue kwenye tovuti ya wenyewe waliozitengeneza, siyo kwa mtu wa katikati, maana huko katikati huongezwa uchafu.

Moja, NVDA. Inasoma kwa sauti kilicho kwenye kioo, na ina sauti ya Kiswahili. Lafudhi yake ni ya peke yake. Utaizoea, na ukishaizoea utaisikitikia ikinyamaza.

Mbili, LibreOffice. Ya kuandika barua, mahesabu na kazi kama hii. Mashine ikizimika ghafla hukutunzia ulichoandika, au nusu yake. Mimi nimeishi kwa hizo nusu.

Tatu, VLC. Hucheza wimbo wowote na video yoyote. Ukitaka huenda polepole. Mtoto anayejifunza anahitaji kitu kinachokubali kwenda polepole.

Nne, GCompris. Michezo ya watoto ya herufi na namba. Wanajifunza wakidhani wanacheza, na wewe unapata nafasi ya kupika.

Tano, Audacity. Ya kurekodi sauti. Nilitaka kuitumia ili watu wamsikie mwanangu. Sasa naipendekeza kwa ajili ya kusikiliza mwenyewe. Nimesikiliza ile rekodi mara nyingi. Ndani yake, katika dakika kumi na moja, mtoto anaanza sentensi kumi na tatu, na tisa kati ya hizo ninazimalizia mimi kutokea jikoni.

Tisa.

Nyongeza, ambayo si programu: kabla ya kuweka dawa yoyote ndani ya mashine, ishike kwanza kwa mkono. Na kitambaa, hata kiwe kizuri namna gani, kivuliwe inapofanya kazi.

(Kwa kalamu nyekundu: 98. Hii ni maksi. Asangalwisye.)


18

Jumatano.


19

Mashine ilipita mtaani kwenye toroli la jirani, imefungwa mawaridi mekundu kama bibi harusi, Bibi Tusajigwe pembeni ameshika ncha moja ya kitambaa. Tumpe alitoka mlangoni mwa saluni na kitana mkononi.

"Mnaoza lini?"

"Saa tatu kamili!" Bibi alimjibu.

Ofisi ya Mwalimu Mkuu ilikuwa na meza ndefu, watu watatu wa Kamati, soketi moja inayofanya kazi, na dirisha kubwa la upande wa mashariki lisilo na pazia. Mawingu yalikuwa mazito. Bibi alimvua Mjomba Bati, akakikunja kitambaa mara nne, akaketi nacho mapajani. Kioo kikawaka. Lugano alipanda kwenye kiti, akakivuta kioo karibu, akaweka pua.

"Mzazi akae pale," alisema Mwalimu Enesi, kwa upole, akionyesha kiti cha mlangoni. "Mama Lugano, unakumbuka kipengele."

"Nakumbuka, mwalimu."

Alikaa. Akaikalia mikono yake yote miwili. Kwenye kiganja cha kulia, chini ya paja, flashi ilikuwa inamchoma.

"Haya, Lugano. Tusomee mstari wa kwanza."

Na ndipo mawingu ya Tukuyu, yaliyokuwa hapo wiki nzima, yakapasuka.

Jua liliingia lote kwa mara moja. Likapiga kioo. Kutoka mlangoni Subilaga aliona herufi zile kubwa kama viatu zikifutika, kioo kikawa bamba jeupe tupu, na akaona mwanawe akikunja uso, akifumba macho, akirudi nyuma.

"Lugano?"

Mtoto alibana midomo.

"Tunasubiri, mwanangu."

Mjumbe mmoja aliandika kitu. Kalamu yake ilisikika.

Mkono wa kushoto wa mtoto ulishuka kando ya kiti, ukatafuta hewani mahali ambapo siku zote palikuwa na mkono mwingine. Ukaminya mara moja. Mara mbili. Haukuwa umeshika kitu.

Subilaga alijua. Sentensi nzima ilikuwa mdomoni mwake, imekamilika, na mwanzo na mwisho. Alipumua kwa pua. Pembeni yake Bibi Tusajigwe alifungua kinywa

akakifunga.

Moja. Mbili. Tatu. Akawa anahesabu kama dukani.

Kumi na tisa.

Ishirini.

Feni inavuma.

Thelathini na

Lugano aligeuza uso, macho yamefumbwa, kuelekea mahali ilipotoka sauti ya mwisho.

"Mwalimu, naomba mfunike dirisha kwa kitambaa cha Bibi."